Alichosikia Mama Rehema

Usiku ule nililala na udhu, kama ninavyolala siku zote, lakini nililala na uzito kifuani, na uzito wenyewe ulitoka kwenye televisheni.

Marehemu mke wangu, Mama Rehema, aliipenda sana tamthilia moja ya hospitali, ya nchi za mbali, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Madaktari wa kule wanafungua midomo, na Kiswahili kinawafuata nyuma kimechelewa kidogo, kama mtu anayefuata msafara huku mguu unamuuma. Yeye hakujali. Wagonjwa wale aliwaombea dua kama majirani zake wa mtaani. Nikimwambia, "Mama Rehema, hao wanaigiza tu, wakimaliza wanakwenda kula," hunijibu, "Na wewe mwalimu mzima! Kwani dua yangu itapungua nini?" Namshukuru Mungu kwa kuninyima jibu.

Siku aliyofariki, binti yetu Rehema alikuwa kazini Mwanza. Mimi nilikuwa kando ya kitanda chake hospitalini, hapa hapa Tanga, mama ana barakoa ya oksijeni usoni na macho ameyafumba. Rehema akapiga simu. Niliisogeza sikioni mwa mama yake, nikamsikia mtoto analia na kuomba radhi, kwa kuwa kwetu hakuna anayetaka mzazi wake aondoke kabla hajatamka kwamba yu radhi naye. Mama hakufumbua jicho. Hakutikisa hata kidole. Kabla ya alasiri alikuwa amerejea kwa Mola wake, na sisi hatucheleweshi maiti. Rehema aliposhuka kwenye basi, kaburi lilikuwa limekwisha kumwagiwa maji.

Tangu hapo ana swali moja tu. "Baba, alisikia?" Nami namjibu, "Mungu ndiye ajuaye, mwanangu." Ningeweza kumwambia ndiyo. Lakini maisha yangu yote nimefundisha watoto Kurani chuoni, na nimewaambia kwamba ulimi ni amana, na mimi sikuona alama yoyote. Nikamwona mtoto anakauka mbele yangu. Likizo yake ikaisha, akaomba nyingine. Anapika, anafua, anafagia, na kila jioni anakaa mahali pa mama yake kuitazama ile tamthilia, wala sidhani kama alikuwa akiiona.

Jioni ile walionyesha mama mmoja mzee aliye mahututi. Bintiye akaingia wodini anakimbia, koti halijafungwa vifungo. Mama akafumbua macho, akamshika shavu, akamwambia maneno marefu, matamu, ya kumridhia na kumbariki, hakuna neno lililosahauliwa. Kisha ukaja muziki, naye akakata roho. Rehema aliinuka kabla muziki haujaisha.

"Wa kwenye televisheni wanasubiriwa," akasema, akaingia chumbani kwake.

Niliswali, nikalala. Usingizi uliponichukua nikajikuta nimesimama kwenye ukumbi mrefu mweupe. Niliujua. Ndiyo ile hospitali. Sakafu inang'aa hata naziona ndevu zangu humo. Ninavua viatu, ninavishika mkononi, maana siwezi kuikanyaga sakafu ile kwa vumbi la mtaani kwetu. Nesi anapita, namsalimu, haitikii. Daktari anapita, namwambia pole na kazi. Midomo yake inachezacheza, halafu sauti inashuka kutoka darini: "Presha inashuka!" Wala sikuwa nimemuuliza habari za presha.

Ninasukuma mlango, na ndani ni chuoni kwangu. Mikeka ni ile ile, ubao ni ule ule, ila watoto hawapo, na katikati ya mikeka kuna kitanda cha hospitali. Mama Rehema ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, anachambua mchele kwenye ungo. Hana barakoa. Uso wake ni wa mwaka tuliooana, lakini mikono ni ile ya uzeeni, niliyoizoea zaidi. Chumba kizima kinanuka mafuta ya nazi na sabuni ya kufulia, harufu ambayo imekwisha kutoka kwenye mito ya nyumbani bila mimi kujua ni siku gani.

Akanitazama.

"Mbona umeshika viatu kama mwizi wa msikitini?"

Midomo ilitangulia, sauti ikafuata. Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla sijakimaliza.

"Umekonda," akasema. "Nani anakupikia?"

"Rehema."

"Basi. Mtoto huyo na nazi hawajawahi kupatana."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia kwamba bado nalala upande wangu wa kitanda, upande wake naupita kwa adabu. Nilitaka kumwambia kwamba shukrani zangu kwa Mungu ni nyingi, ila siku hizi nazisema peke yangu na hakuna wa kuniitikia amina. Sikusema hata moja. Nilisogea tu ili nikae kando yake, bega kwa bega kama zamani. Alipoona nakuja akachukua ungo, taratibu, akauweka pale pale nilipotaka kukaa. Hakunieleza sababu. Nami nikabaki nimesimama, kwa sababu nilielewa kwamba zamu yangu ya kukaa pale haijafika.

Sasa ukuta wa chuo haupo, na kule ukumbini namwona Rehema. Ametupa mgongo, simu iko sikioni, anazungumza, mabega yanatikisika. Namwita. Hanisikii. Mama yake anamtazama vile alivyokuwa akimtazama zamani anapovuka barabara kwenda shule, bila kupepesa.

Nikakusanya nguvu zangu zote.

"Mama Rehema. Siku ile, ile simu. Ulisikia?"

Midomo yake ikafunguka. Nikaiona inasema, inasema kwa muda, inafunga. Akarudi kuchambua mchele.

Sauti haikuja.

Nangoja. Taa za ukumbi zinazimika. Madaktari wameondoka, vitanda vimeondoka, hata harufu ya nazi inapungua, nami nahisi usingizi unavuliwa kutoka kwangu kama shuka. Naomba: ewe Mola, usiniamshe. Si kwa ajili yangu. Niache mpaka ifike.

Ikafika. Haikutoka darini. Ilikuja karibu kabisa na sikio langu, kali, ile ya kuita watu chakula kinapopoa.

"Nilimsikia! Sikio lilikuwa langu, mdomo ndio haukuwa wangu tena. Radhi zangu anazo tangu hajaziomba. Mwambie arudi kazini kwake. Na wewe acha kumjibu mtoto kama uko mbele ya kadhi!"

Nilinyoosha mkono. Alikuwa amekwisha kusimama na ungo wake, anakwenda upande uliokuwa na mwanga, hageuki, kama mwenye nyumba anayewahi wageni.

Nikaamka. Muadhini alikuwa anaadhini alfajiri, na machozi yamenijaa masikioni. Nilikaa kitandani nikimshukuru aliyeniletea. Lakini niliogopa pia. Tumefundishwa kwamba ndoto nyingine ni mazungumzo ya nafsi yenyewe, na kwamba kuibunia ndoto neno ambalo halikuwamo ni uongo mzito. Nikaazimia kuisema ilivyokuwa, nisiongeze tamko wala nisipunguze.

Baada ya swala nikamkuta Rehema uani anapepea jiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nimeota. Sijui zaidi ya hapo, ila nimeota."

Nikamsimulia yote, viatu, mchele, hata lile la nazi. Alisikiliza ameinama, upepeo mkononi, makaa yanazimika.

"Alisema kwa upole?" akauliza. "Kama yule mama wa jana?"

Hapo ndipo nilipojua anaogopa nini: kwamba nimeiota tamthilia tu.

"La," nikamwambia. "Alinifokea."

Akainua uso. "Alikufokea vipi?"

Basi nikasimama, mzee mimi, nikashika kiuno, nikatoa kidole, nikasema kwa sauti ile, "Acha kumjibu mtoto kama uko mbele ya kadhi!" Rehema akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia, lakini kilio hiki kilikuwa na pumzi ndani yake, si kile nilichokuwa nikikisikia nyuma ya mlango.

"Basi ni mama," akasema. "Huyo ni mama kabisa."

Akafuta uso kwa upindo wa kanga, akayarudia makaa. Baada ya kitambo, bila kunitazama, akaniuliza kama mabasi ya Mwanza bado yanaondoka asubuhi.

Nikamjibu kwamba yanaondoka.