Dawa ya Tumbo Iliyofukizwa

Juzi ndani ya basi la Soho Road walikaa mbele yangu wanawake wawili, muuguzi Mkenya na mama wa Kizanzibari aliyevaa buibui juu ya sweta mbili.

"Ule uyoga wa chaga, ule wa dawa unaoota kwenye miti, uliuchemsha?" aliuliza muuguzi. "Yule mgonjwa wangu wa Kirusi aliapa tumbo lako litatulia ndani ya siku tatu."

Mama akaziba mdomo. "Uyoga? Hukunambia uyoga, mwenzangu. Umenipa bonge jeusi, limepasukapasuka kama mkaa. Mimi nikajua udi."

"Wee! Ukaufanyia nini?"

"Nikautia chetezoni, nikamfukizia wifi yangu nguo zake zote. Si mgeni?"

Muuguzi akajishika kichwa. "Ulikuwa wa kunywa, dada!"

"Basi nisikilize. Wifi alipiga chafya, akanusa gauni lake, akasema nyumba hii ina husuda. Wiki ya sita huyo yuko kwangu, anaonja kila mchuzi na kukunja uso! Asubuhi yake akapanda treni kwenda kwa nduguye Leicester."

"Na tumbo?"

Mama akalipapasa polepole, kama anayetafuta kitu kilichopotea. "Tangu treni iondoke, halijauma."

Wasomaji mnaoniandikia kwamba dawa za miti hazina lolote, haya, nijibuni. Mimi nilipitiliza kituo changu kwa makusudi. Shemeji yangu ana mwezi wa pili kwenye kochi letu, na nilitaka kumuuliza yule muuguzi mgonjwa wake Mrusi kalazwa wodi gani.