Wimbo wa Shangazi na Kikundi cha Lugha za Nyumbani

Tangu nianze kazi ya ukutubi katika chuo kimoja hapa Mbinga, sijawahi kutulia kwenye kikundi. Chama chetu cha wakutubi wa vyuo kina vikundi vya kila namna: vya kuorodhesha vitabu, vya majarida ya mtandaoni, vya kuokoa karatasi zinazoliwa na mchwa, na vingine. Mwanachama huchagua kinachomvutia. Mimi nilianza na uorodheshaji, nikachoka. Nikahamia kwa watu wa mtandao, nikawa nasikiliza mabishano juu ya mitambo ambayo chuo chetu hakina. Mkutano ukiisha nilitoka nje nikazunguka nyuma ya maktaba kwenye ile baridi yetu, nisijue natafuta nini.

Kisha kikaundwa kikundi cha lugha za nyumbani. Mwenyekiti wake, mama mmoja wa chuo kikubwa cha mbali, alitaka kila mwanachama arekodi sauti za wazee wa kwao. Kwetu ni ziwani. Nikamkumbuka shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye hajawahi kuhama kijiji chetu cha Kihagara.

Nikateremka Jumamosi. Ukishaiacha mibuni ya milimani, joto linakupokea, na ukikaribia maji unasikia harufu ya usipa, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko juu hawali?"

Niliweka simu juu ya kigoda, akaniimbia kwa Kinyasa nyimbo za kutwanga mihogo na za kubembeleza watoto. Halafu, bila kuombwa, akaimba wimbo wa kumlilia mwanawe wa kwanza, aliyechukuliwa na ziwa kabla mimi sijazaliwa. Aliimba akiitazama mikono yake.

"Huo usiwape watu," akasema. "Nikishakufa, wape."

"Sasa mbona umeuimba na simu unaiona?"

"Kwa sababu sitaki nife nao. Ila sitaki kuusikia kwenye simu ya mtu sokoni, mimi nanunua chumvi."

Kwenye mkutano wa kikundi, uliofanyika kwa mtandao, nilieleza masharti yake. Mwenyekiti hakupendezwa.

"Dada, maktaba si kabati la kufuli. Kilichokusanywa na kikundi ni cha wasomaji."

"Ni cha shangazi yangu."

"Basi ungeacha kukitaja."

Hakuwa mtu mbaya. Alitusimulia jinsi kanda za wazee zilivyofungiwa chuoni kwake mpaka zikaoza, na walioimba wote wamekwisha kufa. Wengi wakamuunga mkono. Mimi nikafunga kompyuta bila kuaga.

Siku zilizofuata sikutulia. Nilipanga upya rafu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nilianza kumjibu mwanafunzi swali, nikasahau katikati aliuliza nini. Niliona heri nijitoe kwenye chama chenyewe. Nilikuwa bado nalipima hilo nilipopigiwa simu na mzee mmoja wa kikundi cha hakimiliki, mwenye lafudhi ya pwani. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Binti yangu, usitoke," alisema. "Ukitoka, huyo shangazi yako atakuwa hana mtu mle ndani."

Yeye ndiye aliyeomba vikundi viwili vikae pamoja. Tulikaa, tukabishana tena, sauti zikapanda. Zamu yangu ilipofika sikuwa na hoja ya kitaalamu. Nilirudia tu maneno ya Shangazi, ya sokoni na chumvi.

"Hilo nimelielewa," akasema Mwenyekiti. "Lakini na mimi nielewe. Wimbo ukibaki kwenye simu yako peke yake, utapotea."

Ni yeye mwenyewe aliyependekeza nakala moja itunzwe chuoni kwake na nyingine kwetu, zisifunguliwe mpaka wakati alioutaka Shangazi. Tukakubaliana kwamba kuanzia hapo kila sauti ingepokelewa pamoja na matakwa ya aliyeitoa.

Nilishuka Kihagara nikiwa na furaha ya kwenda kumpa habari njema. Nilimkuta kwenye chanja, anageuza usipa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mmekaa watu wengi kuzungumza jambo hili?"

"Wengi, Shangazi."

"Kwa hiyo wote sasa wanajua kwamba nina wimbo wa msiba."

Furaha yote ikaniisha. Katika mabishano yote yale, hakuna aliyeliwaza hilo, mimi nikiwa wa kwanza. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Basi, wajue. Wasiusikie tu." Akanisogeza upande wa pili wa chanja. "Geuza huku, jua linaondoka."

Nikageuza. Baadaye kikundi kilinichagua kuwa katibu, na nimedumu humo kuliko kokote nilikopita. Ila utulivu sijaupata. Kila mwanachama anapoleta sauti mpya, kabla ya mengine yote namuuliza ametuambia nini ambacho mwenye sauti hakutaka tukijue, na watu huanza kukohoa na kutazama saa.