Nukta Nilizozifuta kwenye Barieri

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mazingira pale Uvira, mashariki mwa Kongo, mkuu wa ofisi hakunionyesha hata kiti. Alinipeleka moja kwa moja kwenye picha ya satelaiti iliyobandikwa ukutani. Kwa rangi za kitaalamu za picha ile, msitu ulikuwa mwekundu, udongo mtupu kijivu. Nikacheka.

"Weye unacheka? Penye iko kijivu, mvua itashusha mulima juu ya batu. Ile ndiyo kazi yetu."

Nyinyi vijana wa ofisi mnabofya kompyuta tu. Sisi picha ilitupa mashaka, kisha tukapanda mlimani na GPS ya mkononi kuhakiki. Nyufa za ardhi ni nyembamba, satelaiti yetu haikuziona. Ulisimama juu ya ufa, ukabonyeza, mahali pakahifadhiwa kama nukta. Mkuu alitaka kila nukta ipewe namba. Mimi, kwa ubishi wangu, niliziita kwa majina ya wenyeji wangu, maana namba zilinitoka kichwani.

Vita vikatukuta kazini. Kwa wiki mbili nilipima nyufa juu ya makorongo mawili yanayoshukia mjini. Huko juu walijificha watu waliokimbia, na mjane mmoja, Mama Nyota, alinilaza na kunilisha pamoja na wanawe wanne. Kwenye GPS nikaandika: Kwa Mama Nyota.

Nikishuka kwa pikipiki nikakuta barieri mpya, njia imezibwa kwa gogo. Wenye silaha walikuwa wakiwasaka watu walewale, na majina kwenye nukta zangu yangewaelekeza. Mbele yangu kwenye foleni walibaki watatu tu. Kufuta jina mojamoja kulihitaji muda. Kufuta nukta zote, vibonyezo viwili. Nikainama kama anayefunga kamba za kiatu, nikafuta zote.

"Hii mashini iko ya nini?"

"Iko ya kupima mulima, kamanda."

Akaipekua. "Mbona haiko na kitu?"

"Pile zilikufa," nikasema, nikimwonyesha kifuniko cha betri. "Vyote vilipotea."

Alinitazama mpaka jasho likanidondoka puani. Kisha akanirushia mashine yangu.

Ofisini nilieleza yote. Mkuu alishika kichwa. "Nilikuambia namba! Na mvua iko inakuya." Akanisukumia kalamu. "Basi, chora na kichwa."

Kurudi mlimani hakukuwezekana, barabara ilikuwa imefungwa. Nikachora ramani kwa kumbukumbu. Niliapa kwamba ufa mkubwa uko juu ya korongo la kusini, na watu wa kusini wakahamishwa. Matope yalishuka kwenye korongo la kaskazini, asubuhi, watu wakinywa chai. Yaliwachukua fundi cherehani mmoja, mke wake na watoto.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Kilibula, hapahapa Uvira. Mama Nyota alishuka mzima na wanawe wote, na nikimwona moyo wangu hufurahi kweli. Nyinyi vijana huniuliza kama ningefuta tena. Ningefuta.

Lakini ndugu wa yule fundi aliwahi kunisimamisha njiani, akauliza kwa upole, "Mbona kwetu hamukukuya?"

Nilimjibu kwamba ramani ilikosea. Bado tunasalimiana kila Jumapili, na sijapata ujasiri wa kumwambia nani aliichora.