Mafuta ya Seli Yaliyowagombanisha Mawifi

Kazini walimwita Mama Chupa, maana kwa miaka kumi na tisa alilea seli kwenye chupa bapa za plastiki kama mtu aleavyo vifaranga: anazilisha, anazigawa zikibanana, anazisemesha. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na mkono mwepesi, na ulimi mwepesi zaidi.

Mkuu wa maabara alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na tangu siku ya harusi hawakuivana.

"Hapa mimi si wifi yako," alimwambia siku aliyokabidhiwa ofisi. "Hapa mimi ni Daktari."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani sikujui."

Daktari alikuwa na hoja aliyoipigania miaka mingi: kwamba virusi walivyovichunguza huingia kwenye seli kwa kushika protini fulani iliyochomoza juu yake, basi. Utando wa mafuta unaoizunguka seli aliuona ukuta tu.

Wiki moja chakula cha kawaida cha seli kiliwaishia, Mama Chupa akatumia kile kilichoondolewa mafuta. Kwa desturi virusi vilikula seli, vikaacha matundu kwenye zulia la seli lililotiwa rangi ya zambarau. Safari hii matundu yalikuwa ya kuhesabika.

"Umesahau kuweka virusi," Daktari alisema.

"Sijasahau."

"Basi umeziua seli. Maiti haiugui."

Mama Chupa alichota seli zilizobaki kwenye chupa, akazitia rangi ya buluu. Iliyokufa huinywa, iliyo hai huikataa. Chini ya hadubini ziling'aa nyeupe.

"Angalia mwenyewe."

Daktari hakuinama. "Wewe kazi yako kuosha sahani, si kufikiri."

Hilo lilimchoma hadi kwenye mfupa. Kesho yake akaanza majaribio, na baada ya sahani nne za maabara kuharibika, akapanga seli safu tatu kwenye sahani mpya. Ya kwanza aliiacha ilivyo. Ya pili aliinyonya kolesteroli, yale mafuta yanayoupa utando uimara wake, kwa dawa maalumu. Ya tatu aliinyonya, kisha akairudishia. Zote akazimwagia virusi, na kila hatua akaiandika kwenye daftari la maabara na kuipiga picha.

Siku ya tatu, safu ya kwanza na ya tatu zilikuwa chekecheke. Ya pili ilikuwa karibu nzima. Na ile protini, alipoipima, ilikuwepo kotekote. Virusi viliukuta mlango, vikaushika, vikashindwa kupenya.

Daktari alizitazama sahani moja baada ya nyingine, akasoma lebo zake.

"Nani kakutuma?"

"Macho yangu."

Akazichukua, akazitupa mwenyewe kwenye pipa la taka. "Ukirudia, utatafuta kazi ya kufua."

Wiki mbili baadaye, kwenye mkutano mbele ya Mkurugenzi wa taasisi, Daktari alisimama akaeleza "ugunduzi wangu": safu tatu, kolesteroli, yote. Mama Chupa hakungoja amalize. Akainuka.

"Mkurugenzi, mwulize dawa aliitia kwa dakika ngapi."

"Saa moja," Daktari alisema.

"Saa moja seli zote zinabanduka. Ni dakika arobaini. Nimepoteza sahani nne kulijua hilo." Akabwaga daftari la maabara mezani, na picha zake ndani.

"Mwizi wa daftari!" Daktari alifoka.

"Mwizi anajulikana, wifi."

Mkurugenzi alisoma ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe akaagiza ripoti itoke kwa jina la Mama Chupa, na Daktari aondolewe kwenye utafiti ule.

Jioni mumewe hakumsalimu. "Ungemwachia. Ni dada yangu, umemwaibisha mbele za watu."

"Mimi ningeaibika, ungesema nini?"

Mumewe alichukua mto, akalala sebuleni, na kesho yake pia. Mama Chupa alimsikia akiongea na dada yake kwenye simu kwa sauti ya chini. Hakwenda kumbembeleza. Asubuhi ilipofika alivaa koti lake jeupe, akaenda kulisha seli zake.