Zamu ya Mikaeli Ghorofa ya Tano

Sisi wa Addis Ababa hatununui kuku wa sikukuu bila kumpapasa kifua. Unamnyanyua, unampima kwa mkono, unamrudisha, unagombana na muuzaji, unaondoka, unarudi. Kuku huyo! Sasa niambie, mtu mzima, baba wa watoto, ananunuaje fleti ya kumweka mama yake mzazi kwa kuitazama mara moja tu, tena funguo za lori zikiwa mkononi?

Mtu huyo ni Demissew, mwana wa pekee wa jirani yangu Mama Zenebech. Simsemi kwa chuki. Namjua tangu anatambaa uani kwetu akila udongo, na roho yake ni nzuri, hilo nitalisema mbele ya yeyote. Lakini alikuwa na haraka. Kazi yake ni kuendesha lori la mizigo kati ya hapa na Jibuti, na mtu wa barabara ndefu anaona kila kitu kimekaa kama kituo cha mafuta: unaingia, unalipa, unatoka.

Kilichomuuma ni choo. Kila akirudi safari wakati wa mvua alimkuta mama yake anavuka ua na mwavuli, matope hadi kifundoni, kwenda kule nyuma. Akawa anasema, "Mama, nitakutoa hapa."

"Unitoe, kwani mimi jino bovu?" Mama Zenebech alikuwa akimjibu, nasi tunacheka.

Hakuwa na haja ya kutolewa. Ua ule ndio uliokuwa heshima yake. Hapo alitengeneza tela, ile pombe yetu ya nyumbani, na hakuna aliyemfikia. Na kila zamu yake ilipofika, chama chetu cha Mtakatifu Mikaeli kilikaa humo. Mambo ya chama ni hivi: kila mwezi, siku ya Mikaeli, mwanachama mmoja anatulisha na kutunywesha nyumbani kwake, kasisi anabariki, kisha kikombe cha chama kinafunikwa kitambaa na kukabidhiwa wa zamu ijayo. Unakula kwa watu, watu wanakula kwako. Mama Zenebech alikuwa mjane, alipata kuugua, alipata kufiwa, na zamu yake haikuwahi kuruka hata mara moja.

Basi Demissew akapata mnunuzi wa ule ua, akapata na dalali, kijana mmoja wa viatu vilivyochongoka anaitwa Fikru. Huyo Fikru alijua kazi yake. Mtaa ule wa fleti una mgao wa maji, na yeye akachagua siku ya maji. Walipofika ghorofa ya tano akafungua bomba, maji yakatoka kwa kelele. Demissew akanawa uso, akacheka peke yake. Choo ndani! Maji ndani! Akamwona moyoni mama yake ameshastarehe.

"Na lifti?" aliuliza, maana walikuwa wamepanda kwa miguu na hapo palipotakiwa lifti palikuwa na shimo lililozibwa kwa mbao.

"Iko njiani, kaka. Imeshafika bandarini."

"Bandari gani?"

"Jibuti."

Jamani! Na yeye ndiye anayeingia bandari ya Jibuti kila wiki! Angemuuliza karani mmoja tu pale. Hakuuliza. Alisema baadaye kwamba aliliona jina la Jibuti kama jina la nyumbani, akaamini.

Wakati wanashuka, mwanamke wa ghorofa ya pili alikuwa mlangoni anakaanga kahawa kwenye jiko la umeme. Akamwita, "Karibu kahawa, ndugu mgeni." Demissew akasema asante, ana haraka. Mkataa kahawa! Kwetu, ukinywa hadi kikombe cha tatu hakuna siri ya jengo utakayoikosa. Yule mama angemwambia kuwa maji hayapandi kupita ghorofa ya tatu isipokuwa siku moja moja, na kwamba habari ya lifti iko njiani tangu watoto wake hawajaanza shule. Alikuja kuniambia mwenyewe: "Mama Askale, nilimwita mara mbili."

Na kosa kubwa kuliko yote, hakumpeleka mama yake kuiona. Alitaka kumshangaza. Alimshangaza kweli.

Mama Zenebech alihama bila kelele. Alipokuja kunitembelea nikamuuliza, "Vipi huko mbinguni?"

"Pazuri," akasema. "Choo kiko ndani. Tunaishi nacho kama na mkwe, kila mtu anamwonea mwenzake haya."

Nikacheka. Yeye hakucheka sana, na nikaona magoti yamevimba.

Kisha zamu yake ikafika. Tela haiji hivi hivi; lazima mtungi ufukizwe kwa kuni za mzeituni hadi ukolee. Alipowasha tu, mwenyekiti wa jengo akagonga mlango. "Mama, moshi marufuku humu. Mwanao hakukuambia?" Mwana mwenyewe hakujua, maana hakuuliza. Alipowasha jiko kubwa la umeme aoke injera, mkate wetu mwembamba, umeme wa ghorofa nzima ukakatika, watu wakatoka kwenye korido wakilalamika, mmoja akasema kwa sauti, "Hawa wa uani, wangebaki uani." Mama Zenebech alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi. Alisikia.

Tukapikia kwangu. Demissew aliomba ruhusa kazini, akabeba mitungi na masufuria kwa teksi, akayapandisha mwenyewe, kisha akarudi kupandisha madumu ya maji kwa sababu bomba lilikuwa linakoroma tu. Jasho lilimtoka na hakumtazama mtu usoni. Nilitaka kumsema, nikamwacha. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilinikera.

Wanachama wakaja wamejitanda shuka zao nyeupe za ibada. Abba Gebreyes, kasisi wetu, alifika ghorofa ya tatu akakaa kwenye ngazi akasema Mikaeli atamsubiri. Mama Tiruwork, kiongozi wetu, hakupanda hata ngazi moja. Ana magoti mabovu.

"Mama, njoo nikubebe," Demissew akamwambia, akainama.

"We kijana, mimi si pipa la dizeli!"

"Panda tu, mama."

Akapanda. "Nishike vizuri! Na usinipeleke Jibuti!" Tukacheka hadi machozi. Lakini walipofika ghorofa ya pili Demissew alikuwa anatetemeka miguu, naye Mama Tiruwork akasema polepole, "Nishushe, mwanangu. Nirudishe chini." Hapo hakuna aliyecheka.

Mama Zenebech aliposikia kwamba wageni wake wengine wamekaa chini juu ya mawe, pale pa magari, alijifunga shuka kiunoni, akanyanyua sufuria la kitoweo, akaanza kushuka. Nasi tukamfuata. Tukashusha kila kitu kilichopandishwa.

Kwa hiyo karamu ya Mikaeli ikaliwa kwenye maegesho. Mlinzi akaja kusema hapa ni pa magari. Katikati ya sala gari likapiga honi, tukanyanyuka wote, tukasogeza mabenchi, likapita, tukakaa tena. Mwenye gari alitupungia mkono kama tunaomba sadaka.

Demissew alikuwa anazunguka na birika na beseni, ananawisha watu mikono. Ndipo mmoja wetu, mwenye mdomo usio na mlango, akauliza, "Hivi hii nyumba alichagua nani?"

Mama Zenebech akajibu kabla mtu hajameza tonge. "Mimi. Mimi ndiye niliyetaka juu. Mwanangu alinikataza, akasema mama magoti yako, mimi nikakataa. Nilitaka kuona mji."

Siku ya Mikaeli, mbele ya kasisi. Mwanamke ambaye hajawahi kutudanganya hata juu ya umri wake.

Nikamtazama Demissew. Alifungua kinywa. Mama yake akamtupia jicho, jicho la kumkanya mtoto mbele ya wageni, naye akafunga kinywa. Aliendelea kumimina. Beseni likajaa, maji yakamwagikia viatu vya Abba Gebreyes, na bado alikuwa anamimina. Aibu ile niliisikia mimi mashavuni, sembuse yeye.

Wakati wa kukabidhi kikombe, Mama Tiruwork akamshika Mama Zenebech mkono. Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana liliuma. "Zenebech, dada yangu, kuanzia leo zamu yako tumekusamehe. Wewe njoo tu ule."

"Asanteni," akasema Mama Zenebech, akainama. "Mungu awape."

Mtu wa nje angesema tumemfanyia wema. Lakini kwetu mtu anayekula kwa wenzake bila kuwalisha ni nani? Ni mtu wa kupita milangoni na bakuli. Alijua, tulijua, na Demissew aliyekuwa anafunga mabenchi kwa kamba alijua pia, maana kamba ilimshinda kufunga.

Mwezi uliofuata tulikutana kwa Mama Tiruwork. Tulisubiri. Kahawa ikapoa. Badala ya Mama Zenebech akaja Demissew peke yake, akavua viatu mlangoni, akasimama.

"Mama hatakuja," akasema. "Anawasalimu. Anasema amechoka na ngazi."

"Tutamfuata na gari," akasema Mama Tiruwork.

"Si ngazi, mama. Siku ile alidanganya. Hakuchagua yeye. Hata kuiona hakuiona. Nilichagua mimi, sikumuuliza mtu, na nilinyamaza nikamwacha aseme uongo kwa ajili yangu. Naomba mumrudishie zamu yake."

Nikaona nisiposema mimi hatasema mtu.

"Demissew mwanangu, tulijua tangu alipofungua mdomo. Hakuna hata mmoja aliyeamini. Na zamu si yetu kumrudishia. Tumrudishie aifanyie wapi?"

Abba Gebreyes akamwambia akae ale, na kweli tulitaka akae, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini nyumba ilikuwa imejaa, watu wamebanana, na kwenye benchi palikuwa na nafasi moja tu. Akaitazama, akaijua ni ya nani. Akachukua viatu vyake mkononi, akaondoka miguu mitupu kwenye mvua.