Jiwe Ndani ya Ekzosi

Nilikuwa na hakika kwamba kelele ndiyo nguvu, na sikuwa mtu wa kuambilika. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipewa pikipiki ya kazi ambayo ekzosi yake ilikuwa imeanza kuoza kwa mvua za kwetu. Badala ya kuipeleka kwa fundi, nilichukua msumeno nikaikata mwisho, nikaling'oa na lile bomba dogo lenye matundu lililokuwa ndani yake. Nikaiwasha. Kuku wa mwenye nyumba wangu mjini Kisii walitawanyika. Nikasema, sasa hiki ndicho chombo cha mwanamume.

Kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Mbegu za mafahali wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, nilizibeba kwenye chupa ya barafu iliyofungwa nyuma ya kiti, na kila siku nilifuata njia ile ile: kutoka Kisii, kupitia Keroka, kisha upande wa Nyamira mpaka Kebirigo. Kando ya barabara palikuwa na krashi, yaani vizimba vyembamba vya miti vya kumbana ng'ombe asimame, na mtu mwenye ng'ombe aliye kwenye joto alinikuta hapo. Waliniita fahali wa serikali. Wanawake walicheka wakificha nyuso kwa leso. Baba yangu, mzee wa kanisa la Wasabato, hakucheka.

Hata hivyo ni mimi niliyemtia baba katika mambo ya ng'ombe wa gredi. Nilimwambia awatoe ng'ombe wake watatu wa kienyeji, achukue mtamba mmoja, na ndama wa kwanza akizaliwa hatajua tena shida ya maziwa. Alinisikiliza, jambo ambalo sikumbuki alilifanya siku nyingine. Wale watatu wakaenda. Mtamba akaja, mweusi na mabaka meupe, na baba akamjengea banda zuri kuliko jiko la mama.

Mtamba hakushika mimba. Nilimpandisha mara ya kwanza, hakushika. Mara ya pili, hakushika, na kosa lilikuwa langu. Krashi ya nyumbani ilikuwa juu ya mlima mrefu, na pikipiki yangu ikifika katikati ilinguruma tu, haiendi. Nilishuka nikasukuma. Karatasi iliyopigiliwa kwenye nguzo ya krashi ilisema saa tatu na nusu asubuhi. Mimi nilifika saa saba, jasho linanitiririka, na ng'ombe aliyeonekana na joto tangu jana yake jioni alikuwa ameshatulia.

Kulikuwa na jingine. Joto la ng'ombe halijui Sabato, kwa hiyo Jumamosi nilikuwa kazini, na kwa baba hilo halikuwa na msamaha. Nikaona heri nisiende nyumbani kabisa kuliko kwenda kuhubiriwa. Basi tulionana kwenye krashi tu, kila baada ya wiki tatu joto liliporudi, ng'ombe akiwa katikati yetu. Nikiri kwamba nilizitazamia siku hizo. Aliniuliza kama ninakula vizuri, nami nilimwuliza habari za mgongo wake.

Mara ya tatu nilifika tena saa saba. Baba alikuwa ameishika kamba muda wote niliokuwa nikisukuma, na hakuniuliza habari ya chakula.

“Asiposhika safari hii, mwenye bucha wa Keroka amekwisha kumwulizia,” alisema. “Sina nyasi za kumlisha ng'ombe tasa.”

“Si tasa, Tata. Ni mimi ninachelewa.”

“Basi kama krashi yangu inakuchelewesha, pita tu. Usisimame.”

Nilifanya kazi yangu, nikanawa mkono, nikaondoka. Maneno yale yaliniuma kuliko mahubiri yote, na nilipofika Keroka nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wa pikipiki aliyekuwa nyuma ya stendi ya malori.

Fundi huyo alikuwa mtu wa Tabaka, kule kunakochimbwa mawe laini ya kuchongwa, na alikuwa amechonga bakuli na tembo kabla hajashika spana. Alichungulia ndani ya ekzosi yangu, akacheka mpaka akaketi kwenye tairi.

“Daktari, nani alikata hii kitu?”

“Mimi.”

“Basi wewe ulikata nguvu ukatupa. Hii injini, moshi yake lazima izuiwe kidogo. Ikitoka yote mara moja, inatoka na petroli haijaungua. Wewe unasikia kelele unafikiri ni nguvu. Hiyo kelele ndio nguvu yako inaenda hewani hivyo!”

Ekzosi mpya ilibidi iagizwe Nairobi, na kule walisema tungoje, bila kusema mpaka lini. Fundi alikuna kichwa. Akasema baba yake alikuwa akichonga viko vya mawe, wazee wakavuta tumbaku humo miaka na miaka, moto ndani, moshi ndani, visipasuke. “Mawe ya kwetu haiogopi moto,” akasema. Nilidhani ananitania.

Alichonga kipande kirefu kama shibiri, cha kuenea ndani ya bomba, kikiwa na tundu katikati lililoanza pana likaishia jembamba. Alikiacha karibu na jiko la makaa siku mbili ili unyevu wote utoke, la sivyo kingepasuka. Tulipokitia mara ya kwanza injini ilikabwa, ikazima. Akakitoa, akalipanua tundu kwa tupa kidogo, akakirudisha. Injini ikazima tena. Mara ya nne nilipanda kilima cha nyuma ya Keroka kwa gia ya pili bila kugusa ardhi kwa mguu, na nusura nilie. Pikipiki ilikuwa inasema chini kwa chini, kama mtu anayesoma barua peke yake.

Tangu siku hiyo nilifika kila krashi kwa saa iliyoandikwa. Nilikuwa na saa ya mkononi na nilipenda kuitazama. Krashi nyingine nilizikuta tupu, na hilo halikunitia wasiwasi hata chembe, maana katika kazi yetu krashi tupu ni habari njema. Ng'ombe aliyepandishwa asiporudi na joto baada ya wiki tatu, ameshika. Bosi wangu alilitazama daftari langu, akaona ng'ombe wanaorudi wamepungua, akaniambia mbele ya wenzangu kwamba hivi ndivyo kazi inavyofanywa. Nikavimba kichwa.

Siku ya wiki tatu za mtamba wa baba niliihesabu kwa vidole. Niliupanda mlima bila shida, nikafika saa tatu na nusu kamili. Krashi ilikuwa tupu. Nilingoja dakika tano kama kanuni ilivyotaka, nikiitazama migomba ya kwetu kule juu na moshi wa jiko la mama. Ameshika! Nilicheka pale peke yangu, kwa sauti, nikawasha pikipiki nikaondoka. Ningeweza kupanda kwa mguu kuwasalimu, si mbali. Lakini nilisema moyoni, ngoja mimba ionekane, nitakwenda kichwa juu, na hata habari ya Sabato itasahaulika. Wiki tatu nyingine nilikuta krashi tupu vilevile, nikacheka tena.

Ni mama mmoja wa Kebirigo aliyenizindua. Alinikimbilia barabarani, kanga inamvuka, ng'ombe wake akimburuta.

“Daktari, siku hizi unakuja kama mwizi!”

“Karatasi si inasema saa nne na nusu, mama?”

“Karatasi gani? Nani ako na saa? Sisi tunangoja kusikia pikipiki ikilia huko chini, ndio tunatoa ng'ombe nyumbani. Ukimtoa mapema, hawa madume ya barabarani wanampanda kabla yako.”

Nilikuwa nimewaona mafahali wale wa kienyeji wakichungwa kandokando ya barabara kila siku ya kazi yangu, na kila siku nilikuwa nimewaona watu wakiteremka na ng'ombe wao wakati mimi ninasukuma pikipiki inayonguruma. Nilidhani walikuwa wanasoma karatasi. Nilimhudumia ng'ombe wa yule mama, kisha nikageuza pikipiki kuelekea nyumbani, na wachache wa krashi za mwisho waliobaki mbele yangu siku hiyo niliwaacha.

Banda lilikuwa limefagiwa. Baba alikuwa ameketi uani, anapukuchua mahindi. Hakusimama.

“Umekuja,” alisema.

“Ng'ombe yuko wapi, Tata?”

“Keroka. Wiki iliyopita.”

Mama alitoka jikoni, akatutazama, akarudi ndani. Baba aliendelea kupukuchua, na maneno niliyavuta kwake moja moja. Mara ile ya kwanza joto lilirudi, akakaa akinisikilizia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hakusikia kitu. Alidhani pikipiki imeharibika, akanihurumia. Mara ya pili aliona asingoje, akamteremsha ng'ombe kimya kimya huku akiwafukuza mafahali kwa fimbo. Alipofika krashi alikuta alama ya tairi kwenye tope, mbichi. Jirani mmoja alikuwa hapo akikata majani ya ng'ombe. Akamwambia mwanao alisimama, akatazama kwenu, akacheka, akaenda zake. Na si leo tu, hata safari iliyopita.

Nilikwenda kwenye pikipiki, nikafungua skrubu, nikalivuta lile jiwe kwa kitambaa likiwa bado linaunguza, jeusi kwa masizi. Nikaanza kueleza. Nilieleza moshi, na petroli isiyoungua, na fundi na kiko cha baba yake, na krashi tupu maana yake ni nini kwa mtu wa kazi yangu. Nilisikia sauti yangu inapanda. Ukweli wangu wote ulikuwa na sura ya uongo uliotungwa njiani.

“Nilicheka kwa furaha, Tata. Nilijua ameshika.”

Alingoja jiwe lipoe, akalichukua, akaligeuzageuza, akatia kidole tunduni.

“Limechongwa vizuri,” alisema.

“Umeelewa basi?”

Akanirudishia jiwe.

“Nilikwambia upite,” alisema. “Ukapita.”

Kisha akachukua hindi jingine. Nilikaa pale mpaka mama aliponiletea uji, nikaunywa, nikaaga. Kwa baba hapakuwa na ugomvi wa kupatanishwa. Aliyoyasikia aliyaamini kwa sababu yalifanana na mimi alivyonijua, kijana aliyeacha Sabato akaanza kutembea na saa ya mkononi. Nilichonacho dhidi ya hayo ni jiwe la shibiri moja, na hata leo likiwa kabatini kwangu siwezi kumlaumu.

Sikulirudisha tena ndani ya bomba. Fundi alinikasirikia, bosi akaniuliza kwa nini daftari limeharibika tena, na kelele ikawatoa watu majumbani na ng'ombe wao kama zamani, kuanzia Keroka mpaka Kebirigo. Baba alikuwa na mbuzi tu wakati huo, lakini niliendelea kusimama kwenye krashi yake. Kila asubuhi niliuanza mlima, pikipiki ikakwama katikati, nikashuka nikaisukuma huku injini inanguruma bonde zima. Nilifika juu nikazima. Nikangoja dakika tano, siku nyingine kumi, siku nyingine nusu saa, nikiitazama migomba.

Masikio yake yalikuwa mazima mpaka uzeeni. Kwa miaka minne alinisikia kila asubuhi ninapoanza mlima, na hakuteremka hata siku moja.