Firigisi ya Kocha

Nilipoanza kurusha mpira wa softboli, Mama alikataa katakata nifunzwe na mtu asiye na cheti. Ati mkono wa binti yake si wa kujaribiwa na kila mpita njia! Basi kocha mwenye cheti akaja kwetu Bungoma kutoka Kitale kunipima. Mpira wangu wa kwanza ulimpita mbali, ukamwangusha jogoo wetu. Kocha akaanza kufunga mkoba wake. Mama akamwahi jogoo kwa kisu, akampika, akampakulia mgeni firigisi, ambayo kwetu huliwa na mwenye boma peke yake. Kocha akala. Baba, aliyenyang'anywa haki yake mchana kweupe, alimkazia macho mpaka akameza.

"Sasa, mwalimu," Baba akamuuliza, "mtaanza leo ama kesho?"